Gesi Inayotupwa Nyuma ya Korona

Mazungumzo ya nishati safi siku hizi huanzia mbali: hidrojeni, betri za aina mpya, mitambo ya kufyonza hewa ya ukaa kutoka angani. Yote ni mambo ya maana, na baadhi yake yatatufikia. Lakini mwambao wetu huu wa kaskazini, kuanzia Pangani mpaka Mkinga, pamoja na Muheza na Korogwe, una uvumbuzi wake ambao umeshafanyiwa utafiti, umeshajengwa, na umeshawasha taa. Nazungumzia gesi inayotokana na mabaki ya mkonge. Na hoja yangu leo ni moja tu: sayansi tulikuwa nayo tangu zamani. Tulichokosa ni utaratibu wa bei na wa umiliki, ule unaomfanya mtu aamke asubuhi akaulishe mtambo kwa sababu anajua atalipwa.

Tuanze pale korona inapofanya kazi. Wasikilizaji walio mbali na Tanga wasishtuke, korona ninayoitaja ni mashine ya kusindika mkonge, jina lililokuwako kabla ya ule ugonjwa. Majani yaliyokatwa shambani huletwa kwa trekta, hupangwa kwenye mkanda, na mkanda huyapeleka kati ya ngoma za chuma zenye visu butu. Ngoma hizo huyapiga na kuyakwangua majani huku maji mengi yakimwagika juu yake. Upande mmoja hutoka singa, nyeupe yenye ukijani kwa mbali, tayari kwenda kuanikwa kambani. Upande wa pili, kupitia mfereji ulio chini ya mashine, hutoka uji wa kijani mzito, wenye povu na harufu kali, unaowasha ngozi ya anayeukanyaga bila viatu. Wageni hupigwa picha upande wa singa. Uji ule hakuna anayeupiga picha, ingawa ndio sehemu kubwa ya kile kilichotoka shambani.

Na ukubwa wake si wa kukisia. Katika uzito wa jani la mkonge, singa haizidi sana asilimia 4. Maana yake, ili kupata tani 1 ya singa, unasindika kiasi cha tani 25 za majani, na tani 24 zinakwenda mferejini. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha takriban tani 230,000 za singa, nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Piga hesabu mwenyewe uone ni uji kiasi gani ulioingia kwenye mabonde na mito yetu kwa mwaka ule mmoja. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ya mkonge ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 na baadaye yakabinafsishwa, na katika kipindi chote hicho mabaki yalishughulikiwa kwa namna ileile: yaende na maji. Yakiingia mtoni, vijidudu huyala na kumaliza hewa ya oksijeni iliyomo majini, samaki wakafa. Yakirundikwa nchi kavu, huoza kwa ndani pasipo hewa na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hulipasha joto anga mara zipatazo 28 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Basi mkonge, zao linalosifiwa kuwa ni la asili na rafiki wa mazingira, una upande wake mchafu, na kuuficha upande huo hakulisaidii zao.

Jambo la kutia moyo ni kwamba methani ileile inayoharibu anga ikizalishwa ndani ya tangi lililofungwa inakuwa nishati. Pale Hale, wilayani Korogwe, kampuni ya Katani Limited, ikisaidiwa na Serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, yaani UNIDO, na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, ilijenga mtambo ulioanza kazi mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Umetajwa kuwa wa kwanza duniani kuzalisha umeme kwa mabaki ya mkonge. Uji kutoka korona uliingizwa kwenye tangi, bakteria wakauvunjavunja, na gesi ikaendesha jenereta ya kilowati 150, kisha ikaongezwa nyingine. Umeme ukaendesha mashine za shamba, na masalia yaliyotoka tangini yalifaa kurudi shambani kama mbolea.

Wala haukujengwa kwa kubahatisha. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wataalamu wa mikrobiolojia, miongoni mwao Amelia Kivaisi na Anthony Mshandete, walitumia miaka mingi kuuliza maswali ambayo mtu wa nje angeona ni madogo mno. Je, uji wa mkonge ukiachwa upate hewa kwa muda kabla ya kufungiwa tangini, gesi itaongezeka? Waligundua kuwa saa 9 za namna hiyo ziliongeza methani kwa asilimia 26. Je, singa fupi zilizobaki zikikatwakatwa mpaka ziwe na urefu wa milimita 2? Gesi iliongezeka kwa asilimia 23. Na je, uji ukichanganywa na mabaki ya samaki? Hapo ndipo palipokuwa na jibu kubwa: theluthi moja ya mabaki ya samaki na theluthi mbili za mkonge zilitoa methani zaidi kwa asilimia 59 hadi 94 kuliko kila kimoja kikioza peke yake. Sababu inaeleweka. Mkonge una kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, samaki wana naitrojeni ya kutosha, na bakteria wanahitaji vyote viwili kwa uwiano. Mkoa wenye mashamba ya mkonge upande mmoja na soko la samaki la Deep Sea upande mwingine ungepaswa kuyasoma matokeo hayo kwa macho mawili.

Kuna pia jambo la hali ya hewa ambalo sisi hulisahau kwa sababu tumelizoea. Bakteria wanaotengeneza methani hupenda joto la nyuzi 35 hivi. Ulaya, mwenye mtambo hulazimika kutumia sehemu ya nishati yake kulipasha tangi joto miezi ya baridi. Korogwe, jua hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bure. Mkonge nao ni mmea wa ajabu: hufungua vitundu vya majani yake usiku, wakati jua limetua, ndipo uvute hewa ya ukaa, na kwa hiyo hupoteza maji kidogo. Mahindi yanaponyauka, mkonge bado umesimama.

Sasa swali linalouma. Kama sayansi ipo, joto lipo na uji upo, kwa nini mitambo ya namna ya Hale haikuenea shamba kwa shamba kutoka Pangani hadi Mombo? Wapo wanaojibu haraka kwamba ni teknolojia ngumu isiyotufaa. Jibu hilo lina chembe ya ukweli. Singa fupi hujisokota kwenye mapanga ya pampu. Nyingine huelea na kutengeneza utando mgumu juu ya tangi. Uji una asidi, na ukiingizwa kwa pupa bakteria hufa. Gesi yenyewe hubeba salfa inayokula injini. Lakini hayo yote ni matatizo ya fundi, na fundi hupatikana pale anapolipwa. Viwanda vya saruji vya Tanga vina matanuri yenye joto kali kuliko tangi lolote la gesi, nayo yanawaka usiku na mchana kwa sababu saruji inauzika.

Tazameni Ujerumani, nchi ambayo haikosi kuhusika na habari ya mkonge wetu, maana ni Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliyeleta miche ya kwanza mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, 62 tu ilifika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Leo Ujerumani ina mitambo ya gesi ya mabaki na mimea zaidi ya 9,000. Je, bakteria wa Kijerumani wana akili kuliko wa Hale? Hasha. Mwaka 2000 nchi ile ilitunga sheria iliyomhakikishia kila mzalishaji mdogo wa nishati safi soko na bei isiyobadilika kwa miaka 20. Sheria ilipoboreshwa mwaka 2004, wakulima walijenga kwa maelfu. Na ruzuku zilipopunguzwa katika muongo uliofuata, ujenzi mpya ulikaribia kusimama. Teknolojia ilikuwa ileile, mafundi walewale. Kilichobadilika ni bei tu. Sijui kama kuna ushahidi ulio wazi kuliko huo.

Sisi nasi tulijaribu. Kuanzia mwaka 2008 Tanzania iliweka utaratibu wa wazalishaji wadogo wa umeme, wa kuanzia kilowati 100 hadi megawati 10, wauze kwa shirika la umeme, TANESCO, kwa mkataba wa namna moja ulioidhinishwa na mdhibiti wa nishati na maji, EWURA. Ulikuwa utaratibu mzuri kwenye karatasi, na majirani walikuja kujifunza kwetu. Kiwanda cha sukari cha TPC kule Moshi kiliutumia kuuza umeme wa makapi ya miwa. Lakini shamba la mkonge lenye kilowati 300 halina mabavu ya kiwanda cha sukari. Benki haikopeshi kwa mkataba ambao mnunuzi wake pekee ana madeni, na TANESCO ya miaka ile ilikuwa na madeni mengi kwelikweli. Ukiongeza bei ya wakati huo, iliyopangwa bila kutofautisha mtambo wa maji na mtambo wa mabaki, unaona kwa nini mwenye shamba aliamua ni nafuu kuuacha uji uende na maji kama alivyofanya babu yake.

Kuna pingamizi ninalolisikia mara kwa mara, nalo ni la uzito: kilowati 300 ni nini, wakati Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115? Ni kweli, kwa hesabu ya gridi ya taifa mtambo wa Hale haumo. Hata hivyo, Hale hiyohiyo ina kituo cha umeme wa maji cha mwaka 1964 chenye megawati 21, na chini yake Pangani Mpya cha megawati 68 kilichokamilika mwaka 1995, na mwaka 2022 tuliona nchi nzima ikiingia kwenye mgawo kwa sababu mito ilikauka. Umeme wa maji hupungua kipindi kilekile cha ukame. Mkonge hausikilizi ukame. Na zaidi ya hapo, uji huu utakuwepo tupende tusipende. Serikali ilijiwekea lengo la kufikia tani 120,000 za singa kwa mwaka ifikapo 2025. Kwa uwiano ule wa asilimia 4, lengo hilo likitimia wakati wowote, litaleta karibu tani milioni 2.9 za mabaki kila mwaka. Sehemu kubwa ni maji, nakubali, wala nisimdanganye mtu kwamba kila tani ni hazina. Lakini swali la kuuliza haliwezi kuwa kama tunautaka uji au hatuutaki. Tunautaka uoze wapi?

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na wanaolitoa wana takwimu mkononi. Wanasema: paneli za jua zimeshuka bei mno katika miaka 15 iliyopita, kwa hiyo kwa nini tuhangaike na matangi yenye harufu? Hapa nakubali sehemu kubwa. Kama lengo ni taa na redio kama hii unayoisikiliza, paneli imeshinda, na mtu asiyekubali ni mbishi. Nami nadhani kosa la fikra zetu kuhusu Hale lilikuwa kuigeuza gesi yote kuwa umeme. Injini ya gesi hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu kama joto. Ukiichoma gesi hiyohiyo chini ya sufuria, au kwenye kikaushio cha singa wakati wa masika ambapo kamba za kuanikia zimelowa, unapata faida kubwa zaidi kwa mtambo mdogo zaidi. Jua halipiki ugali wa shule saa 11 alfajiri pasipo betri ghali. Gesi iliyohifadhiwa inapika.

Na kupika ndiko kwenye mzigo wa kweli wa nchi hii. Watanzania walio wengi bado wanapika kwa kuni na mkaa, na mkaa unaotumika Tanga mjini unatoka kwenye misitu ya Handeni na Kilindi ambayo kila mwaka inarudi nyuma. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka 10 unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zikaagizwa ziache kuni. Shule, magereza, vyuo na hospitali zimebaki kutafuta mitungi. Gesi ya mitungi ni nafuu kwa afya ya mpishi, siipingi, ila karibu yote tunaiagiza kwa dola kutoka nje. Sasa fikiria shule ya bweni iliyo kilomita 2 kutoka korona. Bomba la plastiki la kilomita 2 si mradi wa kuombea mkopo wa kimataifa. Shule ina wanafunzi wanaokula kila siku, yaani mteja asiyehama. Shamba lina uji kila siku, yaani malighafi isiyoisha. Mnunuzi wa namna hiyo anamuondolea mzalishaji ile hofu ya kungoja malipo ya shirika kubwa.

Nimesema tatizo ni bei na umiliki, na umiliki sijaugusa. Hapa kuna pingamizi la tatu, ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: kwa nini tuifurahie faida mpya ya mkonge, zao lililojengwa kwa jasho la manamba waliokusanywa kutoka Kigoma, Songea, Rwanda, Burundi na Msumbiji wakakaa kambini miaka na miaka kwa ujira mdogo? Pingamizi hili ni halali. Kama gesi itakuwa mali ya mwenye korona peke yake, mkulima mdogo anayeleta majani atalipwa kwa singa tu, na zile asilimia 96 atakuwa amezitoa sadaka. Leo sehemu kubwa ya mkonge wa Korogwe inalimwa na wakulima wadogo waliojiunga katika vyama vya ushirika wa mazao, yaani AMCOS, na mikataba yao inazungumzia singa. Mabaki hayatajwi kwa sababu yalikuwa taka. Siku yatakapokuwa na bei, asiyeyataja kwenye mkataba atakuwa ameyapoteza.

Mfano wa kuepuka jambo hilo hatuhitaji kuutafuta mbali. Wafugaji wa maziwa wa mkoa huu, kupitia chama chao kikuu cha ushirika, TDCU, kilichoundwa miaka ya mwanzo ya tisini, ni wanahisa katika kiwanda cha Tanga Fresh. Mfugaji mwenye ng'ombe 2 analeta maziwa asubuhi kwenye kituo cha kijiji, na kiwanda kinachoyanunua kwa sehemu ni chake. Utaratibu huo una magomvi yake, kama ushirika wowote, lakini umedumu. Kinachoshindikana ni nini kwa mwanachama wa AMCOS kuwa na hisa katika tangi la gesi? Na kama ana ng'ombe, samadi yake nayo ina naitrojeni ile ambayo mkonge unaikosa. Maelfu ya mitambo midogo ya samadi imejengwa nchini tangu mwaka 2009 chini ya mpango ulioratibiwa na kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, CAMARTEC, cha Arusha, kwa hiyo waashi wanaojua kujenga tangi lisilovuja wapo.

Nitaje pia lile ambalo kila mtu wa Tanga analifikiria ukianza kuzungumzia nishati. Chongoleani, ng'ambo ya bandari yetu, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Wengine watasema ni kichekesho kuhubiri gesi ya mkonge kando ya mradi wa mabilioni ya dola. Mimi sioni kichekesho, naona kipimo. Nchi iliyoweza kuafikiana na jirani, kampuni za kigeni na mabenki juu ya bei ya kupitisha kila pipa la mafuta haiwezi kudai kwamba kupanga bei ya gesi kati ya AMCOS na shule ya sekondari ni jambo gumu kupita kiasi. Na mafuta ya Chongoleani yatapakiwa melini yaende zake. Gesi ya korona haiwezi kwenda mbali, itumike hapahapa au ipotee hewani.

Mtu mwingine atauliza habari za kuuza hewa ya ukaa, maana tangu mwaka 2022 tuna kanuni za biashara hiyo, na methani iliyozuiwa isifike angani inaweza kuuzika. Inawezekana, ila tusiijenge nyumba juu yake. Soko lile lina madalali wengi na bei inayopanda na kushuka. Liwe nyongeza, mtambo usimame kwa kupika.

Basi ombi langu ni la kawaida na halingoji uvumbuzi mpya. Serikali imekuwa ikizungumzia kuongeza korona kwa ajili ya wakulima wadogo. Bodi ya Mkonge, yenye makao yake hapahapa Tanga, iweke sharti kwamba kila korona mpya ije na mpango ulioandikwa wa nini kitafanyika kwa uji wake, na kituo cha utafiti cha Mlingano, kilichoanzishwa mwaka 1934 kwa ajili ya zao hili, kipewe kazi ya kuwashauri wakulima kuhusu mabaki kama kilivyowashauri kuhusu miche. Halmashauri za Korogwe, Muheza na Pangani ziorodheshe shule na zahanati zilizo karibu na kila korona. Na wewe mwanachama wa AMCOS unayenisikiliza, kwenye mkutano mkuu ujao, kabla hamjafika kwenye mengineyo, simama uulize: uji unaotoka kwenye majani yangu ni mali ya nani? Uombe jibu liandikwe kwenye muhtasari.